Aliyepuliza la Mgambo

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu usiku, nje ya ukumbi mmoja wa harusi Dar es Salaam. Tulikuwa saba: tarumbeta tatu, trombone mbili, tuba moja na kijana wa ngoma. Tulikuwa tumepiga njia nzima tangu kanisani, tumesimama nyuma ya pikapu, na midomo ilishaanza kuwaka. Mgeni rasmi alipofika, MC akaita kutoka ndani: "Matarumbeta!" Tukapiga. Ukumbi mzima ukainuka. Simu juu, vigelegele, akina mama wakipunga leso. Mgeni rasmi akapita juu ya zulia, akaingia, mlango ukarudishwa.

Sisi tukabaki nje.

Kijana wa kamati akatuletea soda, akasema kwa adabu kabisa, "Kaka zangu, naomba mkae hapa hapa kwanza. Mtaitwa wakati wa keki." Hakutukosea. Ndivyo harusi zinavyokwenda, na nusu ya malipo tulikuwa tumeshapokea. Lakini nilipokaa juu ya kreti la soda, tarumbeta magotini, kitu kilinishika na hakijaniachia, wiki ya tano sasa. Watu zaidi ya 300 walikuwa wameinuka kwa pumzi iliyotoka kifuani mwangu na vifua vya wenzangu. Kesho yake hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kusema ni nani aliyepuliza.

La mgambo likilia kuna jambo.

Methali hii tumeimeza tangu shule ya msingi. Inataja pembe. Inataja jambo. Mtu aliyeshika pembe hayumo.

## Manyoya ya mbuni

Tarumbeta nilijifunza Machame, katika kanisa la Kilutheri, kwa mzee mmoja ambaye sasa macho yamefifia ila sikio bado kali. Wamisionari wa Leipzig walifika kule Kilimanjaro mwaka 1893, na kwa njia ya Walutheri wa Kijerumani tukapata mazoea haya ya kupiga nyimbo za kanisa kwa vyombo vya shaba. Tulipokuwa wadogo, tukilalamika kwamba vyombo ni vizito na mlima ni mkali, mwalimu alituambia: "Wanangu, zamani huko Ujerumani mpiga tarumbeta alivaa manyoya ya mbuni kofiani. Hakuguswa ovyo."

Nilidhani ni maneno ya kututia moyo tu.

Baada ya ile harusi nikaanza kusoma, usiku kwa usiku. Nilikuwa natafuta kitu cha kuwaonyesha wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilitaka ushahidi kwamba watu wa kazi yetu waliwahi kuheshimiwa. Ushahidi upo, na mwalimu hakuongeza chumvi hata kwenye manyoya.

Mwaka 1623 Kaizari Ferdinand II alitoa hati iliyowaweka wapiga tarumbeta na wapiga ngoma za shaba wa dola lake, nchi za Wajerumani kwa sehemu kubwa, chini ya ulinzi wa kaizari mwenyewe. Wakawa chama. Mlezi wa chama akawa mtawala wa Saksonia, mojawapo ya nchi hizo za Wajerumani. Kuingia kuligharimu: mwanagenzi alikaa kwa mwalimu wake miaka 2, na ada ilikuwa thaler 100, nusu siku ya kuanza, nusu siku ya kuhitimu. (Thaler ni ukoo mmoja na ile sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, ambayo wazee wa Unguja waliiita riale. Ilinishangaza kuikuta huku.) Mwalimu alichukua mwanafunzi 1 tu kwa wakati mmoja, na hakuruhusiwa kufundisha kama hajawahi kwenda vitani na tarumbeta yake.

Vitani, kwa sababu tarumbeta ilikuwa koo la amiri jeshi. Kulikuwa na mlio wa kutandika farasi, wa kupanda, wa kusonga, wa kurudi. Kulikuwa pia na kazi ambayo mwili ulinisisimka kuisoma: mpiga tarumbeta alitumwa peke yake hadi kwenye safu za adui, barua ya bwana wake mkononi, akipuliza njia nzima ili ajulikane ni mjumbe asipigwe risasi. Akitekwa, alihesabiwa kama afisa na kubadilishwa kama afisa.

Amani ikirudi, naye alirudi kwenye kasri. Alipuliza kuwaita watu mezani. Alitangulia na farasi mbele ya gari la mtawala. Siku za ibada kuu alipiga kanisani. Na alipuliza mgeni mashuhuri anapoingia.

Niliposoma hilo la mgeni niliizima simu nikakaa gizani.

Wao walikuwa ndani ya mlango.

## Bomba tupu

Heshima ile haieleweki bila chombo chenyewe, kwa hiyo wasomaji wasiopiga wanivumilie kidogo.

Tarumbeta yangu ina vitufe vitatu. Nikibonyeza, hewa inazungukia kijibomba cha ziada na sauti inashuka, na hivyo nota zote zinapatikana. Yao haikuwa na kitufe hata kimoja. Ilikuwa bomba la shaba, au la fedha kwa kasri lenye uwezo, urefu wake mita 2 na zaidi, limekunjwa mara mbili, basi. Mafundi wake wakubwa walikuwa wa Nürnberg, koo kama Haas na Ehe.

Bomba tupu halikupi nota unazotaka wewe. Lina ngazi yake, nawe unapanda kwa midomo na pumzi. Huku chini vipandio viko mbalimbali: do, do ya juu yake, so, do, mi, so. Hapo unapata milio ya jeshi na si zaidi. Ni kuanzia kipandio cha 8 ndipo nota zinasogeleana, do, re, mi, na wimbo ukawezekana. Sehemu hiyo ya juu waliiita clarino, na walioimudu walikuwa wachache hata miongoni mwao.

Na huko juu ngazi ina vipandio vibovu. Cha 11 hakiko kwenye fa wala kwenye fa iliyopandishwa, kimekaa katikati. Cha 13, mahali pa nota ya la, kiko chini ya pale sikio linapokitaka. Mpigaji alivinyoosha kwa midomo, katika kasi, mfalme akisikiliza.

Nimejaribu. Bomba la tarumbeta yangu ni fupi, mita moja na nusu hivi, kwa hiyo ngazi nzima imesogea juu zaidi kuliko yao. Nisipogusa vitufe, kipandio cha 8 nakifikia asubuhi nikiwa na nguvu, na siku nyingine sikifikii. Pale ninapoishia mimi ndipo wimbo wao ulipoanzia.

Kwa hiyo, ndiyo, wastahili manyoya yao. Nilishaanza kuandika makala ya sifa. Nilikuwa na aya tatu nzuri.

## Meno

Kisha nikakutana na kisa cha Hannover, mji wa Ujerumani.

Wapiga tarumbeta wa kasri walipata habari kwamba mpigaji wa mji, mwanamuziki aliyeajiriwa na halmashauri wala si na mtawala, anafanya mazoezi ya tarumbeta nyumbani kwake. Walimvamia humo ndani, wakamnyang'anya chombo, wakampiga nacho mpaka meno ya mbele yakatoka.

Meno.

Anayepuliza hahitaji kuelezwa. Mdomo unaegemea meno ya mbele, bila hayo hakuna sauti. Waliomfanyia walikuwa wapulizaji, na walijua kwamba hawamvunji uso tu, wanamwondolea ugali wa maisha yake yote.

Na upande wa sheria walikuwa na pa kuegemea. Huko Saksonia lilitoka tangazo mwaka 1661 la kukataza watu wasio wa chama kupiga tarumbeta na ngoma za shaba, likarudiwa tena katika karne iliyofuata. Amri ikirudiwa ujue watu hawaifuati. Walikuwapo wengi, basi, waliokuwa wakipuliza kwa kujificha, kwenye harusi za wakulima na sherehe za mafundi, huku sikio moja likiwa barabarani.

Hapo niliishiwa hamu kwa siku kadhaa. Kwa sababu nilikumbuka.

Mwaka juzi, Kinondoni, tulifika kwenye harusi tukakuta familia imeshaongea na vijana wanne wasio na sare, wanaopiga kwa nusu ya bei yetu. Mmoja alikuwa na trombone iliyofungwa waya pale ilipovunjika. Tulimwita mwenyekiti wa kamati pembeni tukamwambia kwamba vijana wale wataharibu shughuli, hawana mafunzo, hawana usajili. Vijana wakaondolewa. Yule wa trombone alituamkia wakati anapita. "Shikamooni." Tukaitika, tukapanda pikapu.

Sikuwa nimewahi kulifikiria tena mpaka nilipofika kwenye yale meno.

## Mali ya nani

Nilijiuliza ile heshima ilikuwa ya nani hasa. Hati ya kaizari ilimlinda mpiga tarumbeta, lakini sababu yake ilikuwa mtawala: sauti ile ilitangaza kwamba mkubwa yupo, na kama kila fundi viatu angeweza kuipata kwenye harusi ya bintiye, isingetangaza kitu. Walichokuwa wakilinda kwa ngumi ni mali ya mtu mwingine.

Sisi tunalijua jambo hili kwa siwa. Ile ya Pate, ya pembe za ndovu, ndefu kupita mita 2, iko katika makumbusho ya Lamu pamoja na mwenzake ya shaba. Haikuwa chombo cha kupulizwa ovyo. Ilikuwa ya enzi, ya mji na wakubwa wake. Watu wamepima nakshi zake na wamebishana juu ya umri wake. Nilipokwenda kuitazama miaka ile sikuuliza ni nani waliokuwa wakiipuliza, na mimi ni mpulizaji.

Makasri ya Ulaya yaliupeleka umiliki huu mbali zaidi. Watawala kadhaa wa Ujerumani walipenda kuwa na wapiga tarumbeta na wapiga ngoma Waafrika, wamevishwa mavazi ya fahari, waonekane kwenye maandamano. Mmoja anafahamika kwa jina: Christian Real, aliyepiga tarumbeta katika kasri la Württemberg kule Stuttgart, karne ya 17. Jina hilo ni la ubatizo. La kwao, alilopewa na mama yake, silijui. Alikuwa na ufundi ambao ulimpa mtu cheo mbele ya kaizari, na papo hapo rangi yake ikihesabiwa kama pambo la bwana wake. Nikijaribu kuwaza alisimamaje, bomba mdomoni, watu wakimtazama kwa sababu mbili tofauti, nashindwa kwenda mbali.

Kabla yake, na kabla ya enzi hii ya Baroko ninayoiandika (ndivyo wanavyouita muziki wa Ulaya wa tangu 1600 hadi 1750 hivi), kulikuwa na John Blanke huko London, mtu mweusi, mpiga tarumbeta wa wafalme wa Uingereza, Henry VII kisha Henry VIII. Yumo kwenye picha ya mashindano ya wapanda farasi ya Westminster ya mwaka 1511, juu ya farasi, kilemba kichwani. Ninachompendea ni kingine. Alikuwa akilipwa peni 8 kwa siku. Mwenzake alipofariki, Blanke alimwandikia mfalme kuomba nafasi ile na mshahara wake, peni 16. Mfalme akakubali.

Aliomba kwa jina lake. Hicho nimekishika.

## Nyumba iliyozimika

Mtu aliyenifanya nifute zile aya tatu anaitwa Johann Ernst Altenburg.

Alizaliwa tarehe 15 Juni 1734 Weissenfels, mji mdogo wa Saksonia kando ya mto Saale. Juu ya mji lipo kasri la Neu-Augustusburg, ambalo siku hizi lina makumbusho yenye viatu vya kutoka pembe zote za dunia. Wakati ule walikaa humo maduke wa tawi dogo la ukoo wa Saksonia, watu waliopenda muziki kuliko mfuko wao ulivyoruhusu. Mtunzi Bach aliwapelekea kantata ya uwindaji, yaani utungo wa waimbaji na vyombo, mwaka 1713, na mwaka 1729 wakampa cheo cha heshima. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, alikuwa binti wa mpiga tarumbeta aliyehudumu hapo hapo Weissenfels. Na baba yake Altenburg, Johann Caspar, alikuwa mpiga tarumbeta wa kasri hilo, mwenye jina.

Baba alimwandikisha mwanawe kuwa mwanagenzi akiwa na umri wa miaka 2.

Mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuomba maji, ameshaandikwa kwenye daftari la chama. Mara ya kwanza niliona ukatili. Nilipoirudia usiku wa pili niliona kitu kingine. Baba yule alikuwa na mlango mmoja duniani, akataka mwanawe akikua aukute uko wazi.

Mwaka 1746 Duke Johann Adolf II alifariki bila mrithi. Tawi likakatika. Nchi ikarudi chini ya Dresden, makao ya tawi kubwa la ukoo, shughuli za kasri zikaisha, wanamuziki wakatawanyika. Johann Ernst alikuwa hajafikisha miaka 12.

Na baba akaendelea kumfundisha.

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki nzima. Waliendelea miaka 6 mingine. Kijana alitangazwa mpiga tarumbeta kamili mwaka 1752, ana miaka 18, ana haki zote za ile hati, manyoya na vyote, na hakuna kasri linalomwita. Nafikiria asubuhi za miaka ile. Baba anamsahihisha kile kipandio cha 11. Mtoto anarudia. Juu ya kilima kasri linaonekana, na hakuna anayepuliziwa aende mezani. Je, walilizungumza? Au baba aliamini kasri jingine litafunguka, kama wazazi wetu walivyoamini ajira za serikali zitafunguka, wakauza ng'ombe kutusomesha, na sisi tukarudi nyumbani na vyeti vizuri ndani ya bahasha?

Simlaumu. Angemfundisha nini kingine?

Johann Ernst akageukia kinanda. Alisoma Naumburg kwa Altnickol, aliyekuwa mkwe wa Bach. Kisha akaingia Vita vya Miaka Saba, vita vya Ulaya vya 1756 hadi 1763, kama mpiga tarumbeta wa jeshi, upande wa Wafaransa. Alirudi kwao 1766. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kinanda katika kanisa la Landsberg, na 1769 akahamia Bitterfeld, mji mdogo, mshahara mdogo. Aliomba kazi bora mahali pengine, maombi hayakufua dafu. Akabaki Bitterfeld mpaka kifo chake, 1801. Miaka 32 akipiga kinanda, mtu aliyeandikwa kwenye tarumbeta kabla hajajua kuvaa viatu.

Mwaka 1795, Halle, kikachapwa kitabu chake juu ya sanaa ya tarumbeta na ngoma za shaba. Ameweka humo kila kitu: historia, ada, haki, nani asipige na nani, namna ya kuanza na mtoto, namna ya kunyoosha nota mbovu. Mwishoni ameweka konseto, utungo wa kuonyesha ufundi wa wapigaji, ya tarumbeta 7 na ngoma. Mpiga kinanda wa Bitterfeld anawaandikia wapiga tarumbeta saba! Nilihesabu tena nikidhani nimekosea.

Kilichapwa wakati sanaa yenyewe inazikwa. Mwaka uliofuata, 1796, mtunzi Haydn alitunga konseto yake kwa ajili ya Anton Weidinger, mpiga tarumbeta wa kasri la Vienna, ambaye tarumbeta yake ilikuwa na matundu yenye vifuniko vya kuziba nafasi zile za ngazi. Mwaka 1818 wapulizaji wawili, Stölzel na Blühmel, wakapewa hataza ya vali huko Prussia, mama wa vitufe vyangu hivi. Mwaka 1831 Saksonia ikafuta haki za chama.

Lakini mimi nimezijua ada, na kanuni, na kile kipandio kinachonyooshwa kwa midomo, kwa kiasi kikubwa kwa sababu mzee yule wa Bitterfeld aliandika. Kasri halikumwacha aingie. Aliyaandika ya ndani akiwa nje.

## Mienge ya Leipzig

Miezi karibu minne baada ya Altenburg kuzaliwa, mwana mwingine wa Weissenfels alifariki Leipzig.

Gottfried Reiche, aliyezaliwa 1667, hakuwa mtu wa kasri. Alikuwa mpigaji wa mji, watu wa aina ile iliyong'olewa meno Hannover. Kazi yao ilikuwa kupanda kwenye mnara wa halmashauri na kuupigia mji kutoka juu, kupiga harusini, kupiga kanisani. Mwaka 1696 alichapisha vipande vyake 24 vya kupiga mnarani. Bach alipofika Leipzig mwaka 1723, Reiche alikuwa na umri wa miaka 56, na zile sehemu za tarumbeta ambazo mpaka leo zinawatoa watu jasho aliandikiwa yeye. Ipo picha yake iliyochorwa na Haussmann, yule yule aliyemchora Bach: mzee wa uso mnene mwekundu, tarumbeta ya mviringo mkono mmoja, mwingine umeshika kikaratasi cha nota. Wapigaji bado wanajaribu kukipiga kikaratasi kile.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1734 Mfalme Augustus III wa Poland, ambaye ndiye pia mtawala wa Saksonia, alikuwa mgeni wa Leipzig. Wanafunzi 600 walijipanga na mienge, na Bach akaongoza kantata mpya nje, kwenye uwanja wa soko, mbele ya nyumba alimofikia mfalme. Mfalme alisikilizia dirishani. Reiche, miaka 67, alipiga kutoka chini, katika moshi.

Kesho yake alianguka karibu na nyumbani kwake akafa. Mwandishi wa kumbukumbu za mji alieleza kwamba ni kupuliza kupita kiasi, pamoja na moshi wa mienge.

Nyimbo za namna hii Bach hakuzitupa. Muziki wa kwaya ya kwanza ya usiku ule leo unaimbwa katika Misa yake kubwa, mahali pa Hosana. Ngoma na tarumbeta alizomtungia malkia kwa siku yake ya kuzaliwa, Desemba 1733, mwaka mmoja baadaye ziliufungua muziki wake wa Krismasi, sasa kwa ajili ya mtoto aliye horini. Nasi Jumamosi tunampigia mgeni rasmi, na Jumapili asubuhi, midomo bado imevimba, tunampigia Mungu, na mara nyingine ni wimbo ule ule.

Niliposoma habari za dirisha lile sikumwonea uchungu Reiche kama nilivyotarajia. Alikuwa nje, kama sisi. Ila mji ulimjua. Aliyempita sokoni alijua kwamba huyu ndiye wa mnarani.

## Kaunta buku

Jumapili ya juzi nilimpigia simu mwalimu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mdomo unaendeleaje?" Ndivyo anavyotusalimu siku zote, mdomo kwanza.

Nilimsimulia manyoya, akafurahi. Nilimsimulia Altenburg, akaniambia nirudie ile ya baba kuendelea kufundisha. Nilimsimulia meno ya Hannover, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamsimulia na vijana wa Kinondoni. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Huyo mwenye waya kwenye trombone," akasema, "mlimuuliza jina?"

Hatukumuuliza. Nimeanza kuulizia kwa vikundi vya Mbagala na Temeke. Kuna mmoja anasema anamfahamu kijana wa namna hiyo, hana uhakika.

Siku hizi kila Jumanne jioni mwalimu ananipigia na kuniimbia mazoezi yake, lile la kwanza kabisa tuliloanzia watoto, yale ya pumzi, na yale ambayo anasema aliyapata kwa mwalimu wake na hayako kwenye kitabu chochote. Mimi naandika kwenye kaunta buku. Juu ya kila zoezi naandika jina la aliyemfundisha, na jina la aliyemfundisha huyo kama analikumbuka. Mengine ameyasahau, ananiambia niache nafasi.

Leo alfajiri nimepanda darini na tarumbeta. Nimepiga zoezi la kwanza bila kugusa vitufe: do, so, do, mi, so. Nikavuta pumzi, nikajaribu kipandio cha 8. Kikatoka, chembamba, kikatetemeka, kikasimama.

Dirisha la jirani likafunguka. Mtoto wao wa darasa la pili, usingizi bado machoni.

"Mjomba, leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni mimi napiga."

Alinitazama, akaegemeza kidevu dirishani.

"Haya, piga tena."